Duka la vitambaa kwa mita: Shopify, WooCommerce au mfumo wa kuandikiwa?

Swali: "Nauza vitambaa kwa mita mtandaoni, pamoja na vifungo, zipu na nyuzi. Duka lilijengwa zamani kwa osCommerce, na fundi aliyelijenga hapatikani tena. Lina bidhaa kama 1,800 na wateja waliojisajili kama 6,000. Nataka kulijenga upya. Mmoja ananiambia niende Shopify, mwingine WooCommerce, na kijana mmoja anataka kuniandikia mfumo wangu mwenyewe kuanzia sifuri. Tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu, na hakuna anayejua kuandika programu. Wateja wengi hununua mita moja na nusu, mita mbili na robo, hivyo hivyo. Tuchague lipi?"

Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Kwa jinsi ulivyojieleza ningewapeleka Shopify, jukwaa la kukodi ambalo seva na masasisho ni kazi ya kampuni yenyewe, kwa masharti mawili: kampuni inayowapokelea malipo iwe inafanya kazi nayo, na ninyi mkubali kuhesabu kwa robo mita badala ya mita. Sharti moja likishindikana, nendeni WooCommerce, programu huria ya duka isiyolipiwa, inayokaa juu ya WordPress kwenye seva yenu, lakini msiingie huko kabla ya kumpata fundi wa kumlipa kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Kijana wa kuanza sifuri mwambieni asante. Kazi ya kumpa ipo, ila si hiyo.

Watu wengi wakitaka kuchagua jukwaa hutafuta jedwali la kulinganisha, lile lenye alama za vema kila safu. Jedwali hilo halitawasaidia, kwa sababu majukwaa yote yanayojulikana yana kikapu, vocha za punguzo, picha nyingi kwa bidhaa moja, barua pepe za kuthibitisha oda na ripoti za mauzo. Kwa mambo ambayo kila duka linafanya, yote yanatosha. Mtaumia pale duka lenu linapofanya jambo ambalo maduka mengine hayafanyi, na kwenu jambo hilo umelitaja mwenyewe mwishoni mwa swali kana kwamba ni dogo: mita mbili na robo.

Kwenye Shopify, idadi ya bidhaa ndani ya oda ni namba kamili. Mteja anaweza kununua 1, 2 au 3. Hawezi kununua 2.25. PrestaShop na OpenCart, majukwaa mengine yanayotajwa sana, ni vivyo hivyo. WooCommerce nayo huanza na namba kamili, ila fundi anaweza kuifungulia desimali kwa mistari michache ya msimbo, au mkanunua programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongeza juu ya duka, ya kufanya kazi hiyo. Kati ya majina makubwa, linalojua mita na robo bila kuongezewa kitu ni Magento, ambayo ina mpangilio wa kuruhusu idadi yenye desimali kwa kila bidhaa. Kabla hujafurahi: Magento, iliyotoka 2008 na kununuliwa na Adobe mwaka 2018, ni mzigo mzito. Tangu toleo la 2.4 la mwaka 2020 haiendeshwi bila injini ya utafutaji ya pekee, Elasticsearch au OpenSearch, inayokaa pembeni ya hifadhidata na kula kumbukumbu ya seva. Watu wawili wenye bidhaa 1,800 hawana sababu ya kubeba hayo yote ili tu wapate nukta.

Sasa kuna jambo ambalo huenda hamlijui kuhusu duka mlilonalo. osCommerce ya zamani nayo ilihifadhi idadi kama namba kamili. Kama leo mteja anaandika 2.25 na oda inatoka sawasawa, basi fundi wenu aliingia ndani akabadilisha muundo wa hifadhidata, na sidhani kama aliandika popote kwamba amefanya hivyo. Mabadiliko hayo ndiyo yatakayowasumbua siku ya kuhama. Programu za kuhamisha data hutegemea muundo wa kawaida wa osCommerce. Zikikuta 2.25 mahali zinapotarajia namba kamili, kuna zitakazokata kila kilicho baada ya nukta bila kutoa onyo lolote. Historia itaonyesha mteja alinunua mita 2 na kulipa pesa ya mita 2 na robo, na hesabu za mwaka mzima zitakataa kuoana. Kwa hiyo yeyote atakayewahamishia data, mpeni kwanza oda kumi zenye robo na nusu ndani yake, mzione zimefika salama, ndipo aguse zilizobaki.

Kwa nini basi nasema Shopify, ilhali haijui desimali? Kwa sababu desimali si njia pekee ya kuuza robo. Mnaweza kukifanya kipimo cha kuuzia kiwe robo mita. Bei iliyoandikwa kwenye mfumo ni ya robo, uzito ni wa robo, stoki inahesabiwa kwa robo. Mita 2.25 inakuwa 9, mita 1.5 inakuwa 6, jora la mita 30 linakuwa 120. Namba zote ni kamili, na hakuna sehemu ya mfumo itakayoshangaa: si ankara, si hesabu ya usafirishaji, si programu ya mhasibu. Kinachobaki ni sura. Mteja asione "9", aone "Mita 2 na robo", na bei aone ya mita nzima kama alivyozoea. Kwenye kurasa za duka hiyo ni kazi ya kurekebisha mandhari (theme), fundi mzuri anaifanya na kuondoka. Kwenye ukurasa wa kulipia, ambao Shopify hairuhusu kuuchezea sana, 9 inaweza kubaki, kwa hiyo maneno "Mita 2 na robo" yaonekane kando yake. Barua pepe ya kuthibitisha oda nayo irekebishwe, maana hapo ndipo watu husahau. Mteja aliyeagiza mita moja na nusu akipokea ujumbe unaosema amenunua vipande 6, atapiga simu.

Kabla ya kukata shauri kwamba ni robo, fungueni oda za mwaka mmoja uliopita mwangalie watu wanaagiza vipimo gani hasa. Kama karibu kila oda ni mita nzima au nusu, kipimo kiwe nusu. Kama wapo wanaoagiza mita 1.4 au 1.35, mna uamuzi wa biashara wa kufanya: mnawaruhusu kwa sababu wanahitaji, au kwa sababu kisanduku kiliwaruhusu kuandika? Mara nyingi ni hilo la pili, na mteja akipewa orodha ya robo robo anachagua 1.5 bila kinyongo.

Desimali za WooCommerce zinavutia zaidi kwa macho, lakini zina mtego wake. Mkizifungua, kikapu kitakubali 2.25. Ila duka la WooCommerce ni mkusanyiko wa programu-jalizi za watu mbalimbali, na nyingi ziliandikwa na mtu aliyedhani idadi ni namba kamili daima. Moja ya usafirishaji inaweza kukokotoa uzito wa mita 2. Nyingine ya kupeleka oda kwa mhasibu inaweza kuandika 2 na kubeba bei ya 2.25. Hamtaona kosa siku ya kwanza, mtaliona mwisho wa mwezi. Halafu kuna suala la senti: bei ya mita mara 1.35, kodi ikiwa ndani ya bei, punguzo la asilimia juu yake. Mfumo mmoja unakadiria vipande vya senti kwa kila mstari peke yake, mwingine unakadiria jumla, na kampuni ya malipo ina hesabu yake. Tofauti ya senti moja inatosha kufanya oda ikataliwe au ripoti isifunge. Mkiwa na bei ya robo iliyokwisha kukadiriwa vizuri, tatizo hili linapungua sana.

Lipo tatizo moja ambalo hakuna jukwaa litakalowatatulia. Stoki inasema kuna mita 3. Mteja anaagiza mita 3, analipa. Mdogo wako anakwenda rafuni, anakuta jora moja limebakiwa na mita 1.75 na lingine 1.25. Kwa mfumo, hizo ni mita 3. Kwa mtu anayeshona gauni refu, hizo ni vipande viwili visivyomfaa. Majukwaa yote haya yanahesabu jumla, hayajui kwamba kitambaa hukatwa kwa mfululizo. Dawa yake iko kwenye utaratibu wenu: jora likibaki na kipande kidogo kuliko oda yenu ya kawaida, kiondoeni kwenye stoki ya kitambaa hicho, kiingizeni kama bidhaa ya peke yake, kipande kimoja chenye urefu uliotajwa na bei yake. Wapo wateja wanaovizia vipande hivyo. Na kwa vitambaa vyenye majora mawili au zaidi, wekeni maelezo kwamba oda ndefu itathibitishwa kabla ya kukatwa. Mtu yeyote akiwaambia programu nyongeza yake inalimaliza tatizo hili, mwambieni awaonyeshe kwa mfano huo huo wa 1.75 na 1.25.

Jambo la sampuli nalo mlipime. Kama mnauza vipande vidogo vya kuonja rangi, kwenye Shopify sampuli ikiwekwa kama aina mojawapo ya bidhaa ile ile itakuwa na stoki yake, haitapunguza stoki ya kitambaa. WooCommerce inaruhusu aina zote za bidhaa moja zichote kutoka stoki moja. Kwa sampuli ya sentimita kumi sioni kama ni hoja ya kubadilisha uamuzi, lakini kama mnauza kitambaa kile kile kwa mita na kwa jora zima, hapo ni hoja. Kwenye Shopify ningewashauri jora zima lisiwe kitufe dukani kabisa. Mnunuzi wa jumla aandike, nanyi mumtengenezee rasimu ya oda upande wa utawala, robo 120 kwa bei mliyokubaliana, mfumo umtumie kiungo cha kulipia. Kwa idadi ya wanunuzi wa jumla ambayo duka la watu wawili huwa nayo, njia hii haichoshi, tena bei ya jumla haionekani na kila mtu.

Sasa malipo, na hapa ndipo sharti langu la kwanza lilipo. Shopify ina huduma yake ya kupokea kadi, Shopify Payments, lakini haipatikani kila nchi. Ukitumia kampuni nyingine ya malipo, Shopify inakukata asilimia juu ya kila oda, mbali na makato ya kampuni yenyewe. Kwa mpango wa Basic makato hayo yamekuwa asilimia 2. Inaonekana ndogo mpaka uiweke mahali pake. Kama kwa kila 100 ya mauzo unabakiwa na faida ya 10, hiyo 2 ni moja ya tano ya faida yako. WooCommerce haina makato ya namna hiyo, unalipa ya kampuni ya malipo tu, lakini unalipa seva, programu-jalizi na fundi. Kaeni na mauzo yenu ya mwaka jana, mpige hesabu zote mbili hadi mwisho. Duka dogo mara nyingi linakuta asilimia 2 ni nafuu kuliko fundi wa kila mwezi. Duka likikua, mizani inageuka, na siku hiyo mtajua kwa namba zenu wenyewe.

Msiishie kuuliza "je, lango letu la malipo linaungana na jukwaa hili?" Karibu kila muuzaji atajibu ndiyo. Fungueni duka la majaribio mfanye hivi: agizeni kitu, lipeni, na mara tu malipo yakikubaliwa fungeni ukurasa kabla haujawarudisha dukani. Kisha ingieni upande wa utawala mwangalie oda. Ikiwa imeandikwa imelipwa, muunganisho umeandikwa na mtu anayejua kazi: kampuni ya malipo imetuma taarifa moja kwa moja kwa seva ya duka, haikumtegemea mteja arudi. Ikiwa bado inasubiri malipo, kimbieni. Wateja wenye simu iliyoishiwa chaji na mtandao uliokatika ni wengi, na kila mmoja atakuwa amelipa huku ninyi mnamwona hajalipa. Hasa kwa malipo ya simu, ambapo mteja anathibitisha kwa namba ya siri kwenye dirisha tofauti kabisa, jambo hili hutokea kila siku. Muulizeni pia fundi kinachotokea taarifa hiyo ya malipo ikifika mara mbili, kwa sababu hufika mara mbili. Stoki isipunguzwe mara mbili.

Na hilo ndilo linalonifanya nimkatae kijana wa kuanzia sifuri, hata kama ana kipaji. Kikapu chenyewe ataandika kwa wiki chache na kitapendeza. Kinachomaliza miaka ni mambo kama haya: taarifa ya malipo iliyorudiwa, watu wawili wanaolipia kipande cha mwisho kwa sekunde moja, kurudisha pesa ya zipu bila kurudisha ya kitambaa kilichokwisha katwa, vocha iliyotumika kwenye oda iliyofutwa nusu. Majukwaa makubwa yamekutana na hayo kwenye maduka ya watu wengine kwa miaka mingi. WooCommerce ipo tangu 2011, Shopify tangu 2006. Tena mtarudi pale pale mlipo leo: mfumo unaojulikana na mtu mmoja, naye siku moja hapatikani.

Kuhusu kadi, kanuni ni moja na haina mjadala: namba ya kadi isipite kwenye seva yenu. Mteja apelekwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, au ajaze kwenye visanduku vinavyotoka kwa kampuni hiyo ingawa vinaonekana ndani ya duka. Kampuni za kadi zina viwango vyake vya usalama, PCI DSS, na kadiri namba za kadi zinavyokuwa mbali nanyi ndivyo dodoso la kujaza linavyokuwa fupi. Toleo la 4 limeongeza masharti juu ya msimbo unaopakiwa kwenye ukurasa wa malipo, yaliyoanza kuwa ya lazima mwishoni mwa Machi 2025, kwa sababu wezi siku hizi hawaishii kuvunja hifadhidata. Wanapachika msimbo mdogo kwenye ukurasa na kunakili namba mteja anapoziandika. British Airways ilipatwa na hilo mwaka 2018, nayo ina wataalamu wa usalama wa kuajiriwa. Kwenye Shopify ukurasa wa kulipia unalindwa na wao, na mipaka waliyoweka juu ya kuuchezea, ambayo mafundi huilalamikia, kwenu ni faida. Kwenye WooCommerce mlinzi ni ninyi, na kila programu-jalizi mnayoweka ni mlango mwingine.

Nikisema fundi wa kila mwezi nina maana mtu anayeweka masasisho ya WordPress, WooCommerce na programu-jalizi kwenye nakala ya duka kwanza, anaagiza na kulipa kwa majaribio, ndipo anayapeleka kwenye duka halisi. Na anachukua bekapu ambayo amewahi kuijaribu kuirudisha. Mfano wa kwa nini: kwa miaka mingi WooCommerce ilihifadhi oda kwenye majedwali yale yale ya makala za WordPress, kisha kuanzia toleo la 8.2 la Oktoba 2023 maduka mapya yakaanza kuhifadhi oda kwenye majedwali ya pekee. Ni mabadiliko mazuri, duka linakuwa jepesi. Lakini programu-jalizi za zamani zilizokuwa zikisoma oda mahali pa zamani zilianza kuziona hazipo. Mtu mwenye fundi aliambiwa mapema. Asiye na fundi aligundua mhasibu alipouliza kwa nini wiki nzima haina mauzo. Kama hamna bajeti ya mtu wa namna hiyo, WooCommerce si ya bure hata kidogo.

Jukwaa lolote mtakalochagua, siku moja mtaliacha. Amazon ilikuwa na jukwaa la maduka lililoitwa Webstore, ikalifunga mwaka 2016. Magento 1 iliachwa bila masasisho ya usalama Juni 2020 huku maduka mengi yakiwa bado juu yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila muuzaji ni hili: nikiondoka, naondoka na nini? Shopify itawapa bidhaa, wateja na oda kwenye faili za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu, lakini sura ya duka haihami, na vitu vilivyo ndani ya programu nyongeza, kama maoni ya wateja au pointi za uaminifu, viko mikononi mwa aliyetengeneza programu hiyo. WooCommerce mnabeba hifadhidata nzima. Hiyo ni nguvu kubwa, ila ni nguvu kwa mwenye funguo tu. Ninyi leo mna osCommerce, programu huria kabisa, na bado mmekwama kwa sababu funguo zilikuwa kwa fundi.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza haihusu jukwaa jipya. Wiki hii hakikisheni jina la kikoa, yaani anwani ya duka lenu mtandaoni, limesajiliwa kwa jina lenu na kwa barua pepe yenu, na pateni nywila ya seva kutoka kwa kampuni inayowakodisha. Chukueni nakala ya hifadhidata nzima na folda ya picha, mziweke mahali pawili. Msichelewe: matoleo ya zamani ya osCommerce yanazungumza na hifadhidata kwa njia iliyoondolewa kwenye toleo la 7 la PHP, lugha iliyoandikiwa osCommerce, tangu Desemba 2015, na PHP 5.6 iliyokuwa ya mwisho kuikubali iliacha kupata masasisho ya usalama mwisho wa 2018. Kama duka lenu halijawahi kurekebishwa, linaishi kwa huruma ya kampuni ya seva, na siku watakayosafisha seva zao litazimika.

Mkiwa na nakala mkononi, mwambieni yeyote anayejua hifadhidata afungue jedwali la "orders" aangalie safu iitwayo "cc_number". osCommerce ya zamani ilikuja na njia ya malipo iliyohifadhi namba ya kadi pale pale kwenye oda. Ilikuwepo hata namna ya kuficha tarakimu za katikati na kumtumia mwenye duka kwa barua pepe. Kama kuna namba humo, zifutwe kabla ya kitu chochote kuhamishwa, na barua pepe za zamani zifutwe vilevile. Msizibebe kwenda nyumba mpya.

Nywila za wateja hazitahama, na afadhali. Zilihifadhiwa kwa MD5, njia ambayo leo huvunjwa kwa urahisi. Shopify sasa inamruhusu mteja kuingia kwa msimbo anaotumiwa kwenye barua pepe, bila nywila, kwa hiyo wateja wenu 6,000 hawatahitaji kuwekewa mpya; watumieni ujumbe mmoja mfupi kuwaeleza. Oda za zamani si lazima zote ziingie kwenye duka jipya. Mwaka mmoja au miwili inatosha kwa huduma kwa wateja. Zilizobaki zikae kwenye nakala inayosomeka, kwa ajili ya kodi na kumbukumbu. Namba za oda mpya ziwekewe alama ya kuzitofautisha na za zamani, kwa mfano herufi mbele yake, oda mbili zisije zikagongana namba.

Anwani za kurasa zinastahili siku nzima ya kazi peke yake. Duka lenu lina anwani za aina ya product_info.php?products_id=45, na Google imezizoea. Kila moja inatakiwa kumpeleka mtu kwenye ukurasa mpya wa kitambaa kile kile kwa uelekezaji wa kudumu, 301, si kumtupa ukurasa wa mwanzo. Ugumu ni kwamba namba ya bidhaa iko baada ya alama ya kuuliza, na baadhi ya zana za kuelekeza husoma kilicho kabla ya alama hiyo tu. Kwa zana hizo, bidhaa zenu zote 1,800 ni anwani moja. Hapa ndipo pa kumwajiri yule kijana: aandae orodha ya anwani ya zamani na mpya kwa kila bidhaa na kila kundi, aijaribu kwenye jukwaa mnalotaka kabla hamjalilipia mwaka mzima, na kama zana ya jukwaa haisomi alama ya kuuliza, atafute njia ya kulifanya jambo hilo kabla ombi halijafika dukani. Hiyo ni kazi yenye mwanzo na mwisho, anaweza kuimaliza na kulipwa.

Siku ya kubadili iwe katikati ya msimu mlegevu, asubuhi ya siku ya kazi, kamwe isiwe Ijumaa jioni. Siku moja kabla, punguzeni muda ambao taarifa za kikoa zinakaa kwenye kumbukumbu za mitandao hadi dakika tano, ili mkihitaji kurudi nyuma msisubiri. Fungeni ununuzi kwenye duka la zamani, hamisheni oda za mwisho, hesabuni majora kwa mkono, ndipo mfungue jipya. Kwa mwezi wa kwanza mmoja wenu aangalie kila asubuhi orodha ya anwani zilizoleta ukurasa haupo, na kuongeza zilizosahaulika. Ule uelekezaji uacheni kwa mwaka mmoja au zaidi. Ndivyo Google yenyewe inavyoshauri, na hakuna gharama ya kuuacha ukae.